Ofisi inayopozwa na usiku: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Jengo linalozungumziwa ni ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo ndani ya Jiji la Dodoma. Jina la chama, kata, mwaka wa ujenzi na majina ya wahusika yameondolewa, na vipimo vimesogezwa kidogo ili jengo lisitambulike. Hesabu za umeme zimetumia bei za TANESCO zilizokuwa mezani wakati wa usanifu, kabla ya VAT na tozo nyingine. Niliingia kwenye mradi kama mshauri wa nishati, michoro ya awali ikiwa tayari, nikakaa nao hadi mwisho wa mwaka wa pili wa matumizi.

Usuli

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini ujenzi ulishika kasi baada ya 2016, Serikali ilipoanza kuhama kweli. Watu walihama na ramani zao. Ofisi nyingi zilizochipuka tangu hapo ni za mtindo ule ule wa Dar es Salaam: kioo mbele, alumini pembeni, madirisha ya kusukuma, AC kila chumba. Dar angalau ina hoja ya kujitetea. Joto lake ni la unyevunyevu na usiku halipoi. Kati ya Desemba na Machi hata alfajiri unaweza kukuta nyuzi 24 au 25.

Dodoma ni habari nyingine. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Oktoba na Novemba, miezi ya joto kali, mchana hufika nyuzi 31 hivi, lakini kabla ya kupambazuka hushuka hadi 18 au 19. Julai usiku hushuka mpaka 13 au 14. Kwa msanifu, pengo hilo kati ya mchana na usiku ni mali. Ukiwa na ukuta na sakafu nzito, ukazipitishia hewa ya usiku zikapoa, kesho yake zitanyonya joto la watu na kompyuta mpaka saa za kutoka kazini. Wagogo walilijua hili kabla ya sisi kuja na vipimajoto: tembe, lenye kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa udongo, linachelewesha joto la mchana kwa saa kadhaa. Lina giza na moshi, hilo halifichiki, lakini joto linalidhibiti.

Chama kilikuwa kimepanga nyumba ya makazi iliyogeuzwa ofisi, wafanyakazi wamebanana, LUKU ikiisha kila baada ya siku chache. Kikanunua kiwanja kinachopakana na barabara upande wa magharibi. Ramani ya kwanza ilikuwa ya ghorofa tatu ukihesabu ya chini, mita 42 kwa 14, upande mrefu ukitazama barabara, wote ukiwa kioo cha bluu. Mhandisi wa mitambo alipanga AC 34.

Mambo yalivyokwenda

Kikao cha kwanza nilichohudhuria hakikuzungumzia mazingira hata kidogo. Kilizungumzia bili. Mkadiriaji majenzi alikuwa ameuliza swali rahisi: jengo hili litaingia kundi gani la wateja wa TANESCO? Kwa AC 34, taa, kompyuta, pampu na chumba cha seva, makadirio yalifika karibu uniti 8,700 kwa mwezi. Ukivuka 7,500 unatoka kundi la T1, ambako uniti ilikuwa shilingi 292, unaingia T2. Uniti ya T2 ilikuwa rahisi zaidi, shilingi 195, na hapo ndipo wengi hudanganyika. T2 ilikuwa na malipo ya pili: shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja) ya mahitaji ya juu kabisa yaliyosomwa mwezi huo. Alasiri moja ya Oktoba, AC zote zikiunguruma kwa pamoja, inatosha kupanga malipo ya mwezi mzima hata kama siku zilizobaki kulikuwa na ubaridi. Kwa makadirio ya kVA 70, ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi kabla hujalipia uniti hata moja.

Bodi iliponyamaza, mbunifu majengo akapata nafasi ya kusema alichokuwa akitaka kusema tangu mwanzo: jengo ligeuzwe. Upande mrefu utazame kaskazini na kusini, ubavu mfupi ndio uelekee barabarani.

Mwenyekiti hakupendezwa. "Injinia," alinigeukia mimi, ingawa mimi siye niliyechora, "wanachama wanajenga kwa hisa zao. Wakipita barabarani waone jengo, siyo ubavu wa jengo."

Aliyeokoa hoja ni mjumbe wa bodi, mzee aliyekulia vijiji vya Bahi, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema neno. "Hiki wanachokieleza hawa vijana ni tembe," alisema. "Ndani ya tembe joto linaingia jua limeshazama. Mkitaka kioo cha magharibi, andaeni na hela ya kukipoza." Kura ikapita, kwa sharti moja: mapokezi, kwenye ule ubavu wa barabarani, yabaki na kioo kirefu cha ghorofa mbili. Sharti hilo nitalirudia.

Michoro mipya ilichukua wiki chache, kibali cha jiji kikapatikana, ujenzi ukaenda bila mikasa ya kusimulia. Jengo lilikabidhiwa mwezi Agosti.

Septemba malalamiko yakaanza. Vyumba vilivyotakiwa kuwa na ubaridi asubuhi vilikuwa vya uvuguvugu. Tukaweka vipimajoto vinavyojirekodi kwenye vyumba kadhaa. Usomaji ulionyesha kitu cha ajabu: saa kumi na moja alfajiri nje kulikuwa na nyuzi 18, ndani 27. Zege halikuwa limepoa hata kidogo. Jengo lilikuwa linalala limefungwa.

Tulirudi jioni, saa kumi na mbili na nusu, tukakutana na mlinzi akipanda ngazi na tochi, chumba hadi chumba, anasukuma madirisha na kubana komeo. Alijibu bila kusita: "Injinia, dirisha likiachwa wazi na kompyuta ikapotea, anayeulizwa ni mimi." Akatuonyesha na karatasi. Mkataba wa kampuni ya ulinzi ulisema wazi kwamba mlinzi atahakikisha madirisha yote yamefungwa kabla ya saa moja usiku. Kumbe ofisi nzima ilikuwa imesaini hati inayokataza ubunifu wake wenyewe kufanya kazi.

Maamuzi na sababu zake

*Kugeuza jengo.* Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana halikai mbali na utosi: Desemba linaegemea kusini kwa nyuzi 17, Juni linaegemea kaskazini kwa karibu nyuzi 30. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi. Dirisha la kusini lenye urefu wa mita 1.5 kwenda juu, ukiliwekea kinga ya zege inayotokeza sentimita 75, halipigwi na jua la Desemba kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kaskazini tuliweka sentimita 90. Jua la Juni linalopenya asubuhi na alasiri hatukulihangaikia, maana Juni hakuna anayelalamikia joto Dodoma. Magharibi ni kesi tofauti kabisa. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30 na kidogo juu ya upeo wa macho, na ili kulizuia kwa kinga ya juu ungehitaji itokeze zaidi ya mita mbili. Hakuna bodi itakayokubali, wala mhandisi wa miundo. Dawa ya magharibi ni kutokuweka dirisha. Ngazi, vyoo, stoo na chumba cha umeme vyote vilisukumwa huko, pamoja na ukuta wa matofali mawili wenye nafasi ya hewa katikati.

*Paa.* Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua la mchana hupita juu kabisa ya jengo. Maana yake ni kwamba msimu wa joto kali ndio msimu ambao paa linachomwa kuliko ukuta wowote. Mkandarasi alikuwa na bati la rangi ya maruni kwenye bei yake. Tulibadilisha likawa jeupe, kwa gharama ile ile, tukaweka sufi ya kioo (ya kuzuia joto) ya milimita 50 juu ya dari ya ghorofa ya mwisho, na matundu ya hewa chini na juu ya paa ili hewa ya moto itoke. Kulikuwa na wazo la kumwaga slabu ya zege juu kabisa. Mkadiriaji alilikata, na alikuwa sahihi: bila kivuli, slabu ile ingejaa joto mchana kutwa na kulishusha vyumbani jioni.

*Zege bila jipsamu.* Uamuzi huu ndio uliozua ubishi kuliko kugeuza jengo. Ghorofa mbili za chini hazikuwekewa dari ya jipsamu. Chini ya slabu pamepigwa plasta nyembamba, pakapakwa rangi nyeupe, mabomba ya nyaya yanaonekana. Hewa ya usiku haiwezi kupoza zege ambalo hailigusi. Jipsamu ingelitenga kama blanketi. Wajumbe wawili walisema jengo litaonekana halijaisha. Kilichowalainisha ni kwamba fedha ya jipsamu na ya ule ukuta wa kioo ndiyo iliyolipia kinga za jua, feni na sufi ya paa, na jumla ya BOQ, yaani orodha ya kazi na gharama zake, haikupanda.

*Feni kwanza, AC baadaye.* Feni ya dari inakula wati 60 hadi 75. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula kama wati 1,100 inapofanya kazi, umeme ambao ungezungusha feni kumi na tano. Mtu aliyekaa chini ya feni anastahimili nyuzi 28 kana kwamba ni 25 au 26. AC zilibaki 11: chumba cha seva, makashia na chumba cha fedha ambavyo havina madirisha kwa sababu za usalama, ukumbi wa bodi, mapokezi, na ofisi chache.

*Tulichokataa.* Hewa kavu ya Dodoma inafaa sana kwa mitambo inayopoza kwa mvuke wa maji, na mhandisi wa mitambo aliipenda. Lakini mji huu unategemea kwa kiasi kikubwa visima vya Mzakwe, na maji ya mgao si hadithi kwa mtu wa hapa. Kupoza ofisi kwa maji ambayo wafanyakazi wanayasubiri nyumbani kwao ni jambo ambalo hata bili ikiwa ndogo halikai vizuri. Mjumbe mmoja alitaka mizabibu ipandwe kwenye vichanja upande wa magharibi, iwe kinga na mapato. Wazo zuri kwa kikao, lakini mzabibu ukishapogolewa unabaki matawi matupu, na kivuli chake huondoka nao.

*Baada ya kumkuta mlinzi.* Tulijadili kumwelimisha. Mimi nilipinga: mtu ambaye kibarua chake kinategemea dirisha lililofungwa huwezi kumshawishi kwa semina. Badala yake, juu ya kila dirisha ulikatwa upenyo wenye upana wa dirisha na kimo cha sentimita 40. Ukawekewa luva (vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa), nondo za milimita 12 na wavu wa mbu unaotolewa na kuoshwa. Mtu hapiti, mvua haiingii kirahisi, na hakuna cha kufunga. Juu ya kisanduku cha ngazi pakawekwa luva nyingine ili hewa ya moto ipande na kutokea huko. Mkataba wa ulinzi ukaandikwa upya: madirisha yafungwe, vipenyo vya juu vibaki wazi. Kampuni ya bima iliuliza maswali mawili, ikatuma mtu kutikisa nondo, ikakubali.

Matokeo

Mwaka wa pili wastani wa matumizi ulikuwa karibu uniti 4,800 kwa mwezi. Mwezi uliokuwa juu kabisa, Oktoba, ulifika 5,900. Jengo limebaki T1 na halidaiwi kVA. Namba ya 8,700 tunayoilinganisha nayo ilikuwa makadirio ya karatasi, na makadirio ya mhandisi wa mitambo kwa kawaida hujaa tahadhari. Pengo halisi huenda ni dogo kuliko linavyoonekana, ila kwamba tumebaki chini ya mstari wa 7,500 halina ubishi, na mstari huo ndio uliobeba fedha.

Kwa joto, wiki moja ya Oktoba nje kulifika nyuzi 32 saa tisa alasiri. Vyumba vya ghorofa ya kwanza upande wa kusini, zege likiwa wazi, vilikuwa kati ya 26 na 27. Ghorofa ya juu ilifika 28 na nusu. Mapokezi yalifika 33 pale AC ilipozimwa kwa matengenezo, yaani ndani palikuwa na joto kuliko nje.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kugeuza jengo kulikuwa na faida kubwa kuliko yote na kulilipiwa kwa karatasi tu. Kungefanyika miezi miwili baadaye, baada ya hesabu za miundo, kusingewezekana. Na kulipita kwa sababu mtu wa gharama aliingia kwenye chumba kabla ya mtu wa mazingira. Nimeona miradi ambako hoja ya joto inaletwa na picha za dunia inayoungua, na bodi inapiga makofi kisha inanunua AC. Hapa waliletewa mstari wa kVA.

Ushahidi wa zege ulijitokeza wenyewe. Mwaka wa pili alikuja meneja mpya, na ofisi yake ya ghorofa ya kwanza ikawekewa jipsamu yenye mataa ya kuzunguka. Chumba cha pili yake, ukubwa sawa, upande ule ule wa kusini, kilibaki na zege. Tulivipima vyote viwili kwa wiki mbili, milango imefungwa na AC imezimwa mwishoni mwa juma ili mambo yawe sawa. Asubuhi tofauti ilikuwa nyuzi moja. Saa tisa alasiri ilikuwa mbili na zaidi. Mhasibu wa chumba cha pili alikuwa na feni tu. Meneja alikuwa anawasha AC saa nne asubuhi. Ninamwelewa, hakuna meneja anayependa kupokea wageni chini ya mabomba ya nyaya. Ingewezekana kumpa dari ya pembeni pekee, nusu mita kuzunguka chumba, katikati ikabaki zege. Sura angeipata, na ubaridi usingepotea.

Uchambuzi: kilichoshindwa au kuyumba

Kioo cha mapokezi ndicho kidonda cha jengo. AC zake mbili za BTU 24,000 zinafanya kazi kuanzia saa saba mchana mpaka kufunga, na bado dada wa mapokezi amebandika karatasi za kalenda kwenye kioo usawa wa kichwa chake. Bodi ilipata mandhari iliyoyataka kwa wapita njia na kuyapoteza kwa aliyeko ndani. Lililopungua kikaoni ni hesabu: sharti la mwenyekiti lilipitishwa kama suala la heshima, hakuna aliyeliwekea bei kando. Lingewekewa bei, pengine bado lingepita, lakini wakijua wananunua nini.

Vumbi lilikuja na vipenyo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mashariki na kusini-mashariki unabeba udongo mwekundu, na wasafishaji walikuwa wanakuta meza zimepakwa kila asubuhi. Wavu uliojaa vumbi nao unaziba hewa. Luva za upande wa kusini sasa hufunikwa kiasi usiku wa upepo mkali na hewa inaingizwa zaidi kaskazini. Nyavu zinaoshwa kila mwezi wakati wa kiangazi. Miche ya mwarobaini ilipandwa kwenye mpaka wa mashariki, haijafika kimo cha kusaidia. Kazi hii ya nyavu haikuwa kwenye mkataba wa usafi wa mwanzo, na ilipoongezwa bei ilipanda. Ni gharama ya kweli ya kupoza kwa hewa ya usiku, na mtu anayeuza wazo hili bila kuitaja hamtendei haki mteja.

Kelele pia. Zege tupu, sakafu ya vigae na kuta zilizopigwa rangi: sauti inadunda. Ukumbi wa mafunzo wa ghorofa ya chini ulikuwa haueleweki ikiwa watu wawili wanazungumza. Zulia na vibao vya sponji vilivyoning'inizwa wima, vikiacha hewa ipite hadi kwenye slabu, vilipunguza tatizo kwa kiasi cha kutosha. Vingeingia kwenye michoro tangu mwanzo vingekuwa na sura nzuri zaidi.

Kuhusu sola, ilisogezwa mbele kwa sababu ya fedha. Paa lina nafasi na nyaya zimeachwa tayari kwa ajili yake.

Hali ilivyo sasa

Mbunifu amewasilisha mchoro wa ukuta wa matofali ya matundu utakaosimama mita moja mbele ya kioo cha mapokezi, na nembo ya chama ikiwekwa juu yake ili barabarani paendelee kuonekana. Mkadiriaji ameambatanisha safari hii hesabu ya AC mbili zinazokula umeme alasiri nzima. Mwenyekiti ameomba kuona picha ya jengo likiwa na ukuta huo usiku, taa zikiwaka. Imetengenezwa, na itakwenda kwenye kikao cha bajeti pamoja na maombi ya meneja ya kuongeza jipsamu ghorofa nzima ya kwanza.